Mbona maji yalingoja mshumaa uzime?

Jaribio lenyewe unalijua, huenda ulilifanya ukiwa shule ya msingi. Unachukua sahani, unamimina maji, unasimamisha mshumaa katikati, unauwasha, halafu unaufunika kwa glasi. Baada ya sekunde chache moto unazima na maji yanapanda ndani ya glasi. Mimi niliweka chai ya rangi badala ya maji matupu ili ionekane vizuri. Watoto wakapiga makofi. Nikaeleza: moto umekula oksijeni, nafasi imebaki wazi, maji yakaijaza. Nikafunga mkoba nikijiona mwalimu kwelikweli.

Nikiwa mlangoni navaa viatu, yule mdogo, msichana wa miaka 9, akaniuliza: "Mwalimu, mbona maji yalingoja mshumaa uzime ndiyo yapande?"

Nikamwambia tutaliongea Alhamisi. Kusema kweli sikuwa na jibu. Ndani ya matatu nikaanza kupiga hesabu kichwani. Kama moto unakula oksijeni kidogo kidogo tangu mwanzo, basi maji nayo yangepanda kidogo kidogo tangu mwanzo. Hayakufanya hivyo. Yalikaa kimya wakati moto unawaka, na ulipozima tu, yakapanda kwa haraka. Nina shahada ya uzamili ya kemia, jamani, na maelezo niliyotoa yalikuwa mabovu.

Nitarudi kwenye mshumaa. Kwanza nieleze nilikuwa nafanya nini sebuleni kwa watu na chai yao ya rangi.

Kama wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu, nafundisha pembeni ili nilipe kodi ya nyumba. Wanafunzi wangu wawili, huyo msichana na kaka yake wa miaka 12, wanasomea nyumbani hapa Mombasa. Mama yao huwafundisha asubuhi: kusoma, Kiingereza, hesabu. Mimi naenda Jumanne na Alhamisi alasiri kwa sayansi na "miradi". Familia za namna hii zipo Kenya, ingawa hazionekani sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na kuhusu kusomea nyumbani haisemi waziwazi, ndiyo maana suala hili limewahi kufika mahakamani. Familia nyingi hufuata mtaala wa nje na kuwafanyisha watoto mitihani kama watahiniwa wa kibinafsi. Sitaingia kwenye ubishi wa nani yuko sahihi. Nililotaka kujua ni dogo zaidi: saa nne zangu kwa wiki, zilizojaa mishumaa na sahani, zinamfundisha mtoto kitu, au zinamchangamsha tu?

Swali hilo limechunguzwa, tena vizuri. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Waliwagawa kwa makundi. Kundi moja halikuonyeshwa jaribio. La pili lilionyeshwa na kuelezwa, kama nilivyofanya mimi. La tatu liliombwa kwanza kukisia nini kitatokea, ndipo likaonyeshwa. La nne lilikisia, likaona, kisha likajadiliana. Baadaye wote wakaulizwa maswali kuhusu hali kama ile ya jaribio. Wale walioangalia tu hawakuelewa zaidi ya wale ambao hawakuona chochote. Hebu lisome tena hilo. Mwalimu amebeba vifaa, amepanga meza, amemwaga jasho, na mwisho wa muhula ni kana kwamba hakuja. Waliokisia kwanza walifanya vizuri zaidi, na kukisia kwenyewe kulichukua dakika mbili hivi za ziada.

Kwa nini dakika mbili zibadilishe mambo namna hiyo? Mtu akiangalia jaribio bila kujifunga kwa jibu lolote, ubongo humfanyia hila: chochote kinachotokea anahisi alikijua. Maji yakipanda, "ndiyo, nilijua." Yasingepanda, vilevile angejua. Lakini akishaandika kwa mkono wake "maji yatashuka", halafu yakapanda, hana pa kujificha. Kuna kitu kichwani mwake kimegongana na kitu mezani, na lazima kimoja kisogee.

Basi Alhamisi nilirudi na mishumaa mitatu na daftari jipya. Tukaliita daftari la makisio. Sheria yake ni moja: hakuna kuwasha kiberiti kabla kila mtu, pamoja na mwalimu, hajaandika anachodhani kitatokea na kwa nini. Nikawaambia wazi kwamba nilichowaeleza Jumanne nina wasiwasi nacho. Yule kijana alishtuka kidogo. Nadhani hakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Swali la siku: tukiweka mishumaa mitatu badala ya mmoja, chini ya glasi ileile, maji yatapanda zaidi, pungufu, au sawasawa? Kijana aliandika "sawasawa, kwa sababu oksijeni ndani ya glasi ni ileile." Jibu safi kabisa, linafuata maelezo yangu ya Jumanne hatua kwa hatua. Msichana aliandika "zaidi" na kwenye sababu akaandika "moto mwingi." Mimi niliandika "zaidi" pia, maana usiku wa Jumanne nilishajaribu chumbani kwangu. Hiyo ni kudanganya kidogo, nakiri.

Yalipanda zaidi, na tofauti ilionekana bila hata rula.

Kinachotokea ni hiki. Unaposhusha glasi juu ya moto, hewa inayonaswa ndani tayari ni ya moto, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ndani ya glasi inaingia kidogo kuliko ambayo ingeingia ikiwa baridi. Ukitazama kwa makini utaona hata viputo vikitoroka chini ya ukingo wa glasi. Moto ukizima, hewa hiyo inapoa, inasinyaa, na msukumo wake ndani unapungua. Hewa ya nje, ambayo msukumo wake haujabadilika, inayasukuma maji ya kwenye sahani yaingie glasini. Ndiyo maana yanangoja mshumaa uzime. Mishumaa mitatu ina joto zaidi kuliko mmoja, hewa inatanuka zaidi, basi ikipoa inasinyaa zaidi. Na oksijeni? Inatumika kweli, lakini nafasi yake kwa sehemu kubwa huchukuliwa na kaboni dayoksaidi na mvuke unaotokana na kuungua, ingawa mvuke huo nao ukipoa hugeuka matone na kuongeza msinyao kidogo. Tena oksijeni haiishi. Mshumaa huzima wakati bado ipo nyingi, kiasi cha asilimia 16 ya hewa, kutoka 21 ya kawaida.

Kijana aliangalia daftari lake muda mrefu. Halafu akasema: "Kwa hiyo mimi nilikosea, lakini nilikosea sawa." Sijui kama ningeweza kulieleza vizuri zaidi. Alikuwa amefikiri barabara kutoka kwenye jambo la uongo nililompa mimi.

Sasa, mtu anaweza kusema: vizuri, waachie watoto wavumbue wenyewe, mwalimu akae pembeni. Wazazi wengi wanaosomesha nyumbani wanalipenda wazo hili, na hata mimi nililipenda. Ushahidi haulipi nguvu sana. Mwaka 2004 huohuo David Klahr na Milena Nigam walichapisha jaribio lao kwa watoto 112 wa darasa la tatu na la nne. Walitaka wajue kubuni jaribio la haki, yaani kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vilevile. Nusu walielezwa waziwazi kwa mifano jinsi ya kufanya. Nusu waliachiwa vifaa, mteremko na mipira, wagundue wenyewe. Katika waliofundishwa, asilimia 77 waliimudu mbinu. Katika walioachiwa, 23. Mtoto aliyeachiwa vifaa peke yake mara nyingi hucheza tu, na kucheza ni kuzuri, lakini mbinu hiyo iliichukua sayansi karne nyingi kuitengeneza. Kumtegemea mtoto wa miaka 9 aivumbue kati ya alasiri na magharibi ni kumwonea.

Kwa hiyo jambo la "badilisha kimoja tu" niliwafundisha moja kwa moja, ubaoni, kwa dakika 15. Glasi ileile, sahani ileile, maji kiasi kilekile, mishumaa ya urefu mmoja. Kinachobadilika ni idadi. Baada ya hapo ndipo nikakaa pembeni. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza kazi hii ya mwalimu kwa mfano wa kiunzi cha waashi. Waliwatazama watoto wa miaka 3 hadi 5 wakijenga piramidi ya vipande vya mbao huku mwalimu akiwasaidia, na wakaona msaada mzuri ni ule unaoongezwa mtoto akikwama na kuondolewa akianza kuweza. Jengo likisimama, mbao za fundi zinateremshwa. Ugumu uko hapo kwenye kuteremsha. Mikono yangu huwa inawasha nikiona mtoto anashika kipima joto vibaya.

Hapa ndipo mwalimu wa mtoto mmoja au wawili ana bahati. Darasani kuna watoto 50, huwezi kuona nani amekwama wapi. Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akipata mwalimu wake binafsi anawapita 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Namba hiyo imenukuliwa sana, hasa na watu wanaouza tuisheni. Kurt VanLehn alipopitia tafiti nyingi mwaka 2011, faida aliyoipata ilikuwa ndogo kuliko hiyo: mwanafunzi wa katikati, wa 50 kati ya 100, anafika pale anapowapita kama 78 au 79. Bado ni kitu kikubwa. Ila mzazi akikuahidi mshahara kwa kutegemea ile 98, mwambie ukweli mapema.

Lililonisumbua zaidi ni siku zenyewe. Naonana nao Jumanne na Alhamisi, halafu siku tano hakuna. Mama yao aliwahi kuniuliza kwa upole kama wanachojifunza hakivuji humo katikati. Kinavuja, ndiyo. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Lakini huo mwanya unaweza kutumika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine walifunika karatasi na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojitahidi kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kumbe kule kuhangaika kukumbuka kitu kilichoanza kufifia ndiko kunakikaza.

Tangu hapo kila Jumanne tunaanza na madaftari yamefungwa. "Alhamisi tulifanya nini, na kwa nini ilitokea vile?" Dakika tano, hakuna kuchungulia. Mwanzoni walichukia. Yule mdogo alikuwa anageuza macho juu kama anasoma dari.

Mradi uliotufikisha mbali zaidi ulikuwa wa bahari, na hata hautoki kwenye fani yangu. Karibu na kwao, upande wa Tudor, kuna ngazi za zege zinazoshuka hadi majini. Nikaona hiyo ni rula ya bure. Tukapima urefu wa ngazi moja, tukazipa namba kwa chaki, na kila tukienda tunaandika saa na ngazi ambayo maji yamefika. Mtu mzima yupo wakati wote, na hakuna anayeshuka ngazi zenye ukoka wa kijani.

Tulianza Jumanne, siku moja baada ya mwezi kuandama. Maji yalijaa kabisa karibu saa 10 alasiri. Daftari la makisio: Alhamisi yatajaa saa ngapi? Kijana aliandika saa 10, kwa sababu "bahari ina ratiba." Dada yake akaandika vivyo hivyo, kwa kumwiga. Alhamisi saa 10 maji yalikuwa bado yanapanda. Tukakaa, tukala mabuyu, tukangoja. Yalifika juu kabisa saa 11 na robo hivi.

"Imechelewa," akasema kijana, kama anazungumzia basi.

Nikaona nafasi. Twende nyumbani, tukatafute kwa nini. Sebuleni kaka akawa dunia, anajizungusha polepole mahali pamoja. Dada akawa mwezi, anamzunguka kwa hatua ndogo upande uleule anaojizungusha kaka. Nikamwambia kaka: jizungushe mara moja kamili, kisha simama. Akasimama akitazama ukuta uleule, lakini dada hakuwepo tena mbele yake, alikuwa amesogea. Ikabidi ajisogeze kidogo zaidi ili amkute. Huo msogeo wa ziada ndio ucheleweshaji. Mwezi husogea kila siku, na dunia huhitaji wastani wa dakika 50 zaidi ili mahali pamoja pakutane nao tena. Na kwa sababu bahari huinuka upande unaoutazama mwezi na pia upande wa pili wa dunia, maji hujaa mara mbili ndani ya hizo saa 24 na dakika 50.

Msichana akapiga hesabu. Siku mbili, dakika 50 mara mbili, ni saa moja na dakika 40. "Lakini sisi tulipata saa moja na robo."

Unaona sasa shida ya kuwafundisha watoto kukisia. Nikafikiri ni kosa la vipimo vyetu. Ngazi zile zina mawimbi, na kujua hasa ni dakika gani maji yamesimama ni kazi. Kwa bahati palikuwa na mzee mvuvi ambaye tulishazoeana naye pale ngazini. Wiki iliyofuata watoto wakamwamkia shikamoo, wakamuuliza. Akacheka. Akasema wakati wa bamvua maji hayachelewi sana siku hadi siku, ila yakishakuwa maji mafu yanachelewa mno. Nikaenda kusoma, na ndivyo ilivyo. Jua nalo linavuta bahari, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Likijipanga na mwezi tunapata bamvua, likivuta kwa upande mwingine tunapata maji mafu, na huo mvutano wa wawili unafupisha au kurefusha ucheleweshaji wa kila siku. Zile dakika 50 ni wastani tu. Msichana alikuwa sahihi na karatasi yangu ilikuwa imerahisisha mno.

Jumanne hiyohiyo, saa 10, wiki moja kamili tangu tuanze, hali ilikuwa kinyume. Maji yalikuwa yamekupwa. Ila hayakukupwa mbali: ngazi nyingi za chini tulizotegemea kuziona zilikuwa bado zimezama. Wakati wa bamvua hapa Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita 1. Wakachora grafu, nukta za bluu na nyekundu, na kijana akajifunza kutoa saa kwa saa, jambo ambalo kitabu cha hesabu kilikuwa kimemshinda mwezi mzima.

Lakini si kila kitu huingia kwenye ngazi. Sehemu, za kujumlisha na kugawanya, niliwafundisha mezani kwa kalamu na mazoezi 20, hakuna bahari wala mshumaa. Nilijaribu kwanza kuzifanya mradi wa keki. Tulikula keki, sehemu hazikueleweka. Mama yao naye alinibana, na alikuwa na haki: "Mwalimu, wiki mbili ngazi tu, na mtihani wakija kuulizwa?" Watoto hawa hawana shule ya kuwatetea. Wakikwama, lawama ni za mama, na jamaa wanangoja kusema "si tulikwambia." Tukakubaliana kwamba kila mradi uwe na ukurasa mmoja wa maswali ya mtindo wa mtihani, ninayoyatunga mimi, na yanajibiwa wiki moja baada ya mradi kwisha, bila kufungua daftari. Ukurasa wa kwanza kijana alipata 7 kati ya 10. Dada yake 6, na moja ya alizokosa nilikuwa nimeiandika vibaya. Mama ameuhifadhi ukurasa huo kwenye faili pamoja na grafu.

Sasa hivi tuna swali jipya ambalo sijalichungulia popote, safari hii kwa makusudi. Msichana amegundua kwamba bamvua huja mara mbili, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Anataka kujua kama maji hufika ngazi ileile mara zote mbili. Kijana ameandika ndiyo. Yeye ameandika hapana, na kwenye sababu ameandika "sijui bado." Tunakwenda kupima Jumanne.